Harufu ya Mpira Kutoka Mwakiro

Ijumaa asubuhi Alkarim alileta gari lake kwa Kastori, pale Yoba, mtaa wa Gitega, madirisha yote yakiwa wazi na leso ikiwa puani. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mama yake, Sugrabai, akimenya karanga na kutia maganda kwenye mfuko wa karatasi uliokuwa mapajani. Yeye hakuziba pua. Alisema kwa umri wake harufu ni habari za watu wengine.

"Kastori, gari iko nanuka," Alkarim alisema. "Mpira. Kama mtu iko nachoma kandambili ndani ya moteri."

"Tangu lini, bosi?"

"Kila nikitoka Muyinga. Kwenda, hapana. Kurudi, mpaka machozi."

Kastori alicheka kidogo. Alikuwa kijana mwembamba mwenye ovaroli iliyopigwa pasi, aliyezaliwa Kibondo, Tanzania, kambini, akajifunza ufundi hukohuko, na aliporudi Burundi alirudi na spana zake, jeki yake na maoni yake juu ya mafundi wote wa Gitega. Kwenye geti la bati alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: GARI LIKILIA, LILETE KWA MAMA YAKE. Kwa hiyo watu wa Yoba walimwita Mama Gari, ila si mbele yake.

"Gari halijui kwenda wala kurudi," alisema. "Gari linajua mkanda."

Kabla ya kufungua boneti aliliosha. Ndiyo ilikuwa desturi ya gereji yake, na aliionea fahari kuliko jeki: hakuna gari lililochunguzwa likiwa chafu. Aliwaambia wateja kwamba hata daktari hampasui mtu mwenye matope. Kwenye bampa la nyuma palikuwa na michirizi minene ya udongo mwekundu, kushoto na kulia, kama alama za viganja vya mtu mpana sana. Kastori aliisugua kwa sabuni, akaimwagia maji, bampa likang'aa. Kisha akafungua boneti, akautazama mkanda wa feni, akaukuta umeng'ara kwa kuteleza na una nyufa.

"Huyu hapa mwizi wako," alisema, akamtundikia Alkarim mkanda mkongwe mkononi kama nyoka aliyeuawa.

Alitia mpya. Alkarim alirudi Ijumaa iliyofuata, leso puani.

Safari hii Kastori aliosha gari, akainua magurudumu, akayazungusha moja moja, akakuta breki ya nyuma kulia inang'ang'ania. Aliifungua, akaisafisha, akaipaka grisi, akaizungusha tena mbele ya macho ya Alkarim. Gurudumu lilizunguka kimya kama linafikiri jambo.

"Mwizi alikuwa na mwenzake," alieleza.

"Wee fundi," Sugrabai alisema kutoka nyuma, "marehemu dada yangu alikuwa na mpishi kama we. Kila siku chakula kibaya, na kila siku kosa ni ya chumvi ingine."

Ijumaa ya tatu Kastori alikuta kitu cha kweli. Mabega ya matairi ya nyuma yalikuwa yamechubuka, na ndani ya madigadi palikuwa na unga mweusi wa mpira. Matairi yalikuwa yakisuguana na madigadi. Gari lilikuwa linakaa chini mno nyuma, kama linabeba mzigo. Akaliinua kwa jeki, akaona springi zimelegea, akafunga springi ngumu alizozitoa kwenye pikapu ya mtu wa Gishubi aliyekuwa akibebea viazi. Bampa, bila shaka, lilikuwa limeshaoshwa.

Gari liliporudi mara ya nne, springi za viazi zilikuwa zimelala. Alkarim alifungua mlango wa mbele, upande wa abiria, akauacha wazi, na Kastori akaelewa kwamba Alhamisi itakayofuata naye ataenda Muyinga.

Hakuwa na hamu ya kwenda. Duka la Alkarim lilikuwa Gitega na bohari lake Muyinga, lakini kila Alhamisi, baada ya bohari, gari lilipitia Mwakiro kuchukua ndizi kwenye shamba la familia. Shamba hilo Kastori alilijua. Lilikuwa la babu yake mzaa mama. Mama yake, Dorotea, alitolewa humo akiwa msichana mdogo, akikimbizwa gizani kuelekea mpakani na sufuria kichwani, na aliporudi, mtu mzima mwenye mtoto wa kiume, alikuta shamba lina mwenyewe. Marehemu Mohamedjaffer, baba yake Alkarim, alilinunua kwa mtu aliyelikuta tupu. Mtu huyo alilikuta tupu kwa sababu waliokuwamo walikuwa bado wanakimbia.

Hakuna aliyekana habari hizi. Alkarim alizijua, Kastori alijua kwamba anazijua, na kesi ilikuwa kwenye ofisi inayoshughulikia mashamba, ambako Dorotea aliambiwa alete shahidi. Wazee waliojua mipaka walikuwa wamekufa, na mmoja aliyebaki alikuwa akikumbuka kila kitu isipokuwa hilo. Wakati kesi ikingoja, Dorotea alipewa kibarua cha kulima shamba hilo kwa siku. Alkarim alimlipa bila kuchelewa na kumpelekea mchele kila Krismasi, na watu wa Mwakiro walimtaja kama mfano wa tajiri mwenye roho nzuri.

Alhamisi walikwenda Muyinga bila harufu yoyote. Walitazama bohari, wakanywa chai, wakakata kona ya Mwakiro. Dorotea alikuwa amekwisha kupanga mikungu ya ndizi kando ya barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Umekuja kwa sababu umenikumbuka au kwa sababu gari limekushinda?"

"Halijanishinda."

"Haya," Dorotea alisema, akampa mkungu aubebe.

Walipoondoka, hata hawajamaliza kona ya kwanza, harufu ilikuja. Ilikuwa harufu nzito, ya mpira hasa, inayokaa kwenye ulimi. Kastori aliagiza gari lisimame, akaruka, akafungua boneti. Mkanda ulikuwa salama. Alipiga magoti, akagusa breki ya mbele, ikawa ya uvuguvugu wa kawaida. Alinusa mipira ya maji, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Fundi," Sugrabai alimwita bila kugeuka, "we unatafuta mbele. Kitu iko nyuma."

Kastori alizunguka nyuma. Shamba lilikuwa limeshika bampa.

Lilikuwa limeng'oka lote mahali pake, na migomba yake, matuta ya maharage, kichuguu na mparachichi mmoja, likajinyoosha barabarani kwa upana wa njia moja, njia nyingine likawaachia wanaopishana. Pembe zake mbili za mbele zilikuwa zimejikunja juu ya bampa, taratibu, bila nguvu, jinsi mtu anavyomshika mwenzake mkono wakitembea. Lakini shamba ni shamba. Uzito wake ulikuwa umezilaza springi, na matairi yalikuwa yakila madigadi. Moshi mwembamba ulipanda hapo.

Kastori aliinama akazitazama springi.

"Nilisema ni springi," alisema.

Hawakuweza kulivua hapo, kwani lori la saruji lilikuwa linapiga honi nyuma ya kichuguu. Waliendelea polepole. Kwenye mlima, vijana wa baiskeli za ndizi, ambao wamezoea kushika malori ili wavutwe, walishika ukingo wa shamba badala yake na kulisifu kwamba halitoi moshi. Mmoja alichuma parachichi. Kwenye kizuizi askari aliomba karatasi za gari, akazirudisha, akalipungia mkono shamba lipite.

"Lile?" askari alijibu Kastori alipomuuliza. "Lile linapita kila Alhamisi. Halina namba, nitaliandikia nini?"

Karibu na kuingia Karuzi, kwenye daraja, shamba liliachia bampa. Halikugeuka mara moja. Lilisimama kando ya barabara mpaka gari likapotea kwenye kona, na Kastori, aliyekuwa amegeuka kitini, aliona majani ya migomba yakipunga. Ndipo likaanza safari ya kurudi kwa miguu yake, kama miguu ni neno lenyewe.

Alkarim alisimamisha gari mbele kidogo. Alikuwa amefurahi, na hakuficha.

"Linanipenda," alisema. "Mi sikujua. Ardhi inajua mwenye roho nzuri."

"Mama," Kastori alimgeukia Sugrabai, "wewe umeliona mara ngapi?"

"Kila wiki. Mi nakaa nyuma, natazama nyuma, ningeona nini ingine?"

"Na hukusema?"

"Nani aliniuliza? Nilidhani ni kawaida ya huku." Alimenya karanga, akaila, akaongeza bila haraka: "Na ni kawaida ya huku. Iko nasindikiza. Mgeni akiondoka, hapa hawamuachi mlangoni. Wanamshika mkono, wanaenda naye. Akiwa mgeni mkubwa, wanaenda naye mbali. Sisi wanatuheshimu sana, mpaka Karuzi."

Kastori ndiye aliyefika kwanza kwenye maana ya maneno hayo, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kufika.

"Mgeni," alisema. "Bosi, umesikia? Mwenye nyumba akitoka kwake nani anamsindikiza? Mama yangu anatoka kwenye lile shamba kila jioni na jembe begani. Limewahi kumfuata hata hatua moja? Linajua atarudi. Linajua ni kwake. Wewe ndiye linakutoa nje kwa adabu, kila wiki, miaka yote hii, nawe umekaa mbele unaziba pua!"

Alisema mengine pia. Alikuwa na ulimi mzuri akikasirika, na siku hiyo alikuwa na sababu. Alisema juu ya sufuria kichwani, juu ya babu yake, juu ya mtu kulipwa kibarua kwenye kaburi la kitovu chake. Alkarim alisikiliza mpaka mwisho. Leso ilipanda kutoka puani ikafika machoni, kwa sababu kweli alikuwa mtu wa roho laini.

"Yote we umesema ni kweli," alisema. "Mi sina cha kubisha. Ni vibaya sana. Hata baba, Mungu amrehemu, angesikia angelia."

"Basi."

"Ego, ndiyo, basi." Alkarim alifuta macho, akakunja leso vizuri, akaitia mfukoni. "Sasa, hii harufu tutafanya aje?"

Kastori alisema hataigusa. Alisema kwa mara ya kwanza katika maisha yake anaona gari linalonuka kwa haki, na ataliacha linuke mpaka Gitega nzima ijue. Walirudi Yoba. Njia nzima Sugrabai aliwapa karanga, mmoja mmoja, kwa zamu.

Siku hizo Kastori aliacha kuosha magari, maana ile michirizi ya udongo kwenye bampa ndiyo ilikuwa ushahidi, naye aliifuta kwa sabuni yake mwenyewe. Jumatatu alifunga gereji, akapanda basi hadi Muyinga, akaingia kwenye ile ofisi akiwa na ovaroli iliyopigwa pasi, akasema kwamba shahidi amepatikana. Karani alimsikiliza kwa heshima. Alimuuliza shahidi anaitwa nani. Kastori akasema shahidi ni shamba lenyewe, na kwamba yeyote anayetaka kuliona na asimame kando ya barabara Alhamisi alasiri. Karani akasema hana haja, analiona; nyumba ya shemeji yake iko upande huo. Lakini kwa taratibu za ofisi, kitu kinachogombaniwa hakiwezi kutoa ushahidi, kwa sababu kina maslahi. Alimpa Kastori kiti, akampa pole, akamwambia faili bado linasomwa.

Kutoka hapo alikwenda Mwakiro. Dorotea alikuwa shambani, akinyoosha tuta la maharage lililopinda kama mkia wa mbwa.

"Yanapinda kila Ijumaa," alisema. "Likirudi kutoka Karuzi linajilaza ovyo. Maua yamepukutika nusu. Na wiki iliyopita lilichelewa, mbuzi wa Jovina wakakaa pale kwenye shimo, linapong'oka, wakilingoja mpaka wakaanza kulia. Jovina ni jirani mwema lakini naye ana mwisho."

"Na wewe ulijua? Mama, ulijua muda wote huo linamsindikiza?"

"Sasa nisijue? Ninaishi hapa ukingoni. Nilidhani nawe unajua. Wewe si fundi?"

Kastori alieleza shauri lake. Gari liachwe linuke. Alkarim atachoka, matairi yataisha, ataona aibu, siku moja atashuka na kusema: Mama Kastori, chukua. Alisimama kwenye tuta lililopinda akisema hivyo, mkono juu, na mama yake aliendelea kulinyoosha mpaka akafika miguuni pake.

"Sogea," alisema.

Kastori alisogea.

"Yule atanunua matairi mengine," Dorotea alisema. "Anauza matairi. Na shamba je? Umelitazama? Linachoka, Kastori. Si shamba la kutembea hili, ni shamba la kukaa. Wewe unataka ushahidi. Mimi nataka maharage."

"Kwa hiyo tufanye nini?"

Dorotea alisimama wima, akashika kiuno. "Ukinisindikiza mimi, unarudi saa ngapi?"

"Ukiniambia nirudi."

"Ehe. Mgeni ndiye anayesema: asanteni, mmenifikisha, rudini nyumbani. Asiposema, mwenyeji ataenda naye mpaka aishiwe nguvu, kwani adabu haimruhusu kumwacha. Yule bwana hajawahi kusema kwa sababu hajioni mgeni. Mfundishe aseme. Utakuwa umetengeneza gari."

Kastori alifikiri juu ya jambo hili ndani ya basi, na aliposhuka Gitega alikuwa ameona ndani yake kitu kizuri kuliko ushahidi. Alkarim hatakubali. Mtu gani atasimama kando ya shamba lake, mbele ya watu, na kuliaga kama mgeni? Koo litamkauka. Na siku atakayolazimika kuchagua kati ya pua yake na maneno hayo, ndipo haki itakapopita. Alikwenda dukani moja kwa moja, akasimama katikati ya majora ya vitenge, akamweleza kila kitu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wateja wa chumvi.

Alkarim alisikiliza akikuna kidevu.

"Ndiyo hiyo tu?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Kusema asante, rudi nyumbani?"

"Kama mgeni. Mbele ya watu."

"Vizuri sana," Alkarim alisema kwa furaha. "Na springi zako za viazi, utanitolea? Iko narusha mama."

Alhamisi Kastori alikwenda naye ili aone koo likikauka. Ndizi zilipakiwa. Alkarim alishuka, akavua kofia, akasimama pale shamba linapogusa barabara, Dorotea upande mmoja, Jovina na mbuzi wake upande wa pili. Akasema kwa Kirundi safi cha Gitega, kwani shamba halikuwahi kwenda Tanzania na Kiswahili hakikulihusu: ahsante, umenifikisha, mimi mgeni wako nashukuru, subira imuhira, yaani rudi nyumbani.

Shamba, lililokuwa limeshaanza kunyanyua pembe, lilisita. Kisha likazishusha, likajilaza, na matuta yakatulia yakiwa yamenyooka kabisa. Kwa mbali lilifanana na mtu aliyevua viatu.

Hapakuwa na harufu mpaka Gitega. Kastori alinusa njia yote, akanusa tena Yoba, chini, juu na ndani ya madigadi, akapata sabuni na ndizi zinazoiva. Gari lilikuwa limepona. Alkarim alimlipa vizuri na kuwaambia wateja wake wote kwamba Mwakiro kuna ardhi yenye adabu, na kwamba Mama Gari wa Yoba ndiye fundi pekee anayeielewa. Safari hii alimwita hivyo mbele yake.

Sasa ni mazoea. Mwanzoni Alkarim alishuka na kuvua kofia. Baadaye akawa anavua kofia bila kushuka. Siku hizi anasema akiwa dirishani, moteri ikinguruma, huku Sugrabai nyuma yake akilipungia shamba mkono, yeye peke yake, mpaka wafike kona. Faili bado linasomwa.

Alhamisi moja wakati wa mavuno Kastori alikuwa Mwakiro kumtembelea mama yake. Walipakia ndizi, safari hii na magunia ya maharage, ambayo yalikuwa yamestawi kuliko miaka yote kwa sababu shamba lilikuwa linalala vizuri. Buti lilijaa, mikungu mingine ikawekwa kitini pembeni ya Sugrabai. Alkarim aliwasha gari.

"Asante, nimefika, rudi nyumbani," alisema dirishani.

Shamba halikusogea. Dorotea alijibu kwa niaba yake, kama anavyojibu kila wiki, akijifuta udongo mikononi.

"Karibu tena, mgeni wetu."

"Alhamisi, Mama Kastori. Mungu akipenda."

Gari liliondoka. Lilikuwa zito, lakini springi zilibeba, na matairi hayakugusa kitu. Kastori alisimama barabarani pua ikiwa juu, akivuta hewa, akitafuta hata chembe ya mpira.

"Umelitengeneza vizuri," mama yake alimwambia. Akachukua jembe, akaingia shambani kumalizia kibarua cha siku.